Hadithi na jioni yake: namna ya kukusanya masimulizi kijijini

Siku ya kwanza nilipokwenda kukusanya hadithi nilikosea kwa sentensi moja. Nilielekezwa kwa bibi mmoja aliyesifiwa kwa kutamba ngano. Nikamwamkia, nikaketi, nikawasha kinasa sauti, nikasema, "Bibi, naomba unisimulie hadithi za zamani." Akanitazama kwa huruma. "Hadithi zimekwisha, mwanangu. Watu hawakai tena." Nikazima kinasa sauti, na usiku nikaandika daftarini kwamba pale hapana kitu. Ilinichukua miaka miwili kutambua kuwa alikuwa amenijibu kikamilifu. Hakusema amesahau. Alisema watu hawakai tena.

Mimi ni mwalimu. Nimekusanya masimulizi kila likizo kwa miaka 16 sasa, na mwongozo huu nauandika kwa ajili ya anayetaka kuanza leo, wakati vijana wanahama, barabara inafika, umeme unafika, na kazi zilizokuwa zikifanywa kwa mikono na wimbo zimechukuliwa na mashine. Kubwa nililojifunza ni kwamba kinachotangulia kutoweka ni kikao. Maneno ya ngano yanaweza kulala kichwani mwa mtu miaka 40 bila kutamkwa. Kikao kikivunjika, yaani ile jioni, ile kazi ya pamoja, wale watoto waliolala chali wakisikiliza, maneno hayana mlango wa kutokea. Basi ukienda, nenda ukitafuta kikao, na palipobadilika rekodi badiliko lenyewe kwa uangalifu uleule unaorekodi ngano.

Anza na kazi

Usiulize hadithi. Uliza watu walikuwa wakifanya nini. Nani alikuwa akiamka wa kwanza? Nafaka ilisagwa wapi, na nani, na saa ngapi? Mtoto akilia usiku alibembelezwa na nani, mama yake au dada yake mkubwa? Mvua ikizuia watu kutoka, mlikaa chumba gani? Kila kazi ya pamoja ilikuwa na wimbo wake, kitendawili chake au kisa chake, na mtu akiikumbuka kazi, kilichoambatana nayo huja chenyewe.

Miaka miwili baada ya lile kosa nilirudi kwa bibi yule. Nilimkuta anapepeta nafaka. Safari hii nilimuuliza tu zamani walisaga vipi. Akaniambia kuhusu jiwe, uzito wake, jinsi lilivyochubua viganja. Nikamuuliza kama walisaga kimya. Akacheka. Akaweka ungo chini, akapiga magoti, mikono yake ikaanza kusukuma jiwe ambalo halikuwapo. Mikono ilianza, sauti ikafuata. Aliimba beti saba. Nilipomwomba arudie akiwa amekaa kitini, mapigo yalimpotea katika ubeti wa pili. Tangu siku hiyo sirekodi wimbo wa kazi bila kazi. Kama jiwe lipo uani, limegeuzwa kiti cha kuku, omba lisafishwe. Kama halipo, mwache mtu aigize.

Jambo hili limewahi kufanywa kwa upana ambao bado unanitia moyo. Katika jimbo la Maharashtra nchini India, wanawake walikuwa wakisaga kwa mawe alfajiri na kuimba beti fupi kuhusu ndoa, dhiki, miungu na ndugu zao. Mashine za kusagia zilipoenea, kusaga kwa mkono kukapungua na nyimbo zikakosa kazi ya kufanya. Hema Rairkar na Guy Poitevin pamoja na wenzao walizunguka vijiji na kukusanya zaidi ya beti 100,000. Wanawake wale walikuwa wamezibeba muda wote. Walihitaji mtu aulize kuhusu jiwe.

Tengeneza pia kalenda ya mabadiliko, na uitengeneze pamoja na wenyeji. Wazee wengi hawahesabu kwa miaka ya karatasi, lakini wanajua kama barabara ilikuja kabla au baada ya shule, na kama mashine ya kusaga ilikuja wakati mtoto wao wa pili anatambaa. Chora mstari kwenye karatasi kubwa, weka matukio hayo kwa mpangilio, kisha kwa kila tukio uliza maswali mawili: lilipokuja, nini kilikoma? Na nini kilianza? Swali la pili wakusanyaji wengi hulisahau. Katika kijiji kimoja niliambiwa kwamba taa ya umeme ilipofungwa dukani, vijana waliacha kwenda kwa babu zao jioni, lakini wakaanza kutegeana vitendawili chini ya taa ile. Mimi nilikuwa nimekwishaandika kwamba umeme uliua vitendawili. Ulikuwa umevihamisha.

Nani wa kumsikiliza

Kila kijiji kina mtu ambaye wageni hupelekwa kwake. Mheshimu na umrekodi, kisha usiishie hapo. Mara nyingi ni mzee wa kiume aliyezoea kusema mbele ya watu, na anayo masimulizi ya koo na ya vita. Ngano za jioni na nyimbo za kubembeleza ziko kwa wengine, ambao watakuambia hawajui kitu. Watafute waliorudi kutoka mjini. Aliyekaa mbali miaka 20 huwa ameihifadhi ngano jinsi alivyoiacha, ilhali nyumbani imekwisha kugeuka. Watafute na vijana.

Ndugu Grimm, Jacob na Wilhelm, wakusanyaji wa ngano wa Ujerumani, walichapa toleo la kwanza la mkusanyiko wao mwaka 1812, wakati mji wao wa Kassel ulikuwa chini ya utawala uliosimikwa na Wafaransa. Walidhani wanaokoa sauti ya mwanakijiji. Lakini wengi wa waliowasimulia walikuwa vijana wa mjini waliosoma, na Dorothea Viehmann, waliyemtangaza kuwa mfano wa mwanamke wa shambani, alikuwa mke wa fundi cherehani mwenye asili ya wakimbizi wa Kifaransa. Ngano zao si za uongo kwa sababu hiyo. Ila msomaji alipewa picha isiyo sahihi ya nani alikuwa akisema. Wewe andika ukweli kuhusu msimulizi: umri wake, alikoishi, alichosoma, kazi zake, lugha zake. Kama alijifunza ngano ile redioni, andika redioni.

Watoto ni wakusanyaji wazuri kuliko sisi. Nchini Ayalandi, kati ya 1937 na 1939, wanafunzi wa takriban shule za msingi 5,000 walipewa kazi ya kuandika walichosimuliwa na wazazi, babu, bibi na majirani. Zilipatikana kurasa zipatazo 740,000. Nilijaribu jambo hilo kwa darasa moja, madaftari 38. Hoja yangu ilikuwa kupata vitendawili. Nilipata vitendawili, na nikapata kitu ambacho sikukipanga: watoto kadhaa waliniambia ni mara ya kwanza babu kuwataka wakae naye. Ukiweza kushirikiana na shule, shirikiana, na mwambie kila mtoto aandike jina la aliyemsimulia na mahali walipokuwa wameketi.

Usiisafishe

Hapa nina kosa jingine langu, na linaniuma zaidi ya lile la kwanza. Mama mmoja wa makamo alikuwa akinitambia ngano ya sungura na fisi. Katikati ya kisa, sungura akatoa simu na kumpigia fisi kumdanganya kwamba yuko mbali, kumbe yuko nyuma ya mti. Watoto wakaanguka kwa kicheko. Nami, nikiwa na hamu ya kupata ngano "halisi", nikamwomba aisimulie tena vile bibi yake alivyoisimulia, bila simu. Alikubali kwa adabu. Ile ya kwanza ilikuwa ya dakika 14. Ya pili ilikuwa ya dakika tano, imekauka, na watoto waliondoka mmoja mmoja. Nilikuwa nimemwambia, mbele ya hadhira yake, kwamba ubunifu wake ni uchafu.

Simu ndani ya ngano ni dalili kwamba ngano inaishi. Mtambaji hodari hupima waliopo mbele yake na kuijaza ngano vitu wanavyovijua. Milman Parry wa chuo kikuu cha Harvard, aliyewarekodi waimbaji wa tenzi za kishujaa nchini Yugoslavia miaka ya 1930, alilithibitisha hili kwa jaribio ninalolipenda sana. Alimfanya Avdo Međedović, mwimbaji asiyejua kusoma, asikilize wimbo wa mwenzake ambao hakuwa ameusikia kabla. Wimbo wa mwenzake ulikuwa na mistari 2,294. Avdo aliuimba papo hapo kwa mistari 6,313, akiongeza mapambo, mawazo ya mashujaa na maelezo ya farasi. Hapakuwa na wimbo mmoja "sahihi" uliokuwa ukisubiri kunaswa.

Kwa hiyo ngano ileile irekodi zaidi ya mara moja, siku tofauti, mbele ya watu tofauti. Unachotafuta kitaonekana katika tofauti zake. Ukitaka kujua ilivyokuwa zamani, uliza baada ya usimulizi kwisha, kama mazungumzo: "Ulipoisikia wewe, sungura alimdanganya fisi kwa njia gani?" Hapo msimulizi anakueleza kwa hiari, naye hajanyang'anywa kitu.

Ridhaa

Ruhusa iombwe kwa maswali matatu yaliyotengana: naweza kukurekodi? Wengine wanaweza kukusikia? Nitaje jina lako? Wapo wanaokubali la kwanza na kukataa la tatu, na wapo wanaotaka jina lao litajwe kwa nguvu kwa sababu hawataki ngano yao iitwe "ya jadi" kana kwamba haina mwenyewe. Majibu yarekodi kwa sauti.

Ukisema utaiweka kwenye intaneti kwa mtu asiyeitumia, bado hujaomba ruhusa. Mwoneshe. Fungua simu, mchezeshee sauti ya msimulizi mwingine aliyeridhia, mwambie kwamba mtu wa nchi nyingine, asiyemjua, ataweza kumsikia vivyo hivyo hata baada ya yeye kufariki. Subiri. Mwache akashauriane na watoto wake, urudi kesho.

Kuna nyimbo na masimulizi ambayo si ya kila sikio: ya waliopitia mafunzo fulani tu, au ya wanawake tu, au ya msimu mmoja. Mzee mmoja alianza kunieleza jambo kisha akaniambia nizime. Nilisita, mashine ikaendelea kama dakika tatu. Sikuwa na amani. Kesho yake nilirudi, nikamwambia, nikamchezeshea zile dakika tatu, nikazifuta mbele ya macho yake, pamoja na nakala. Ukiambiwa zima, zima, na weka kinasa sauti mahali ambapo taa yake inaonekana ili msimulizi mwenyewe ajue kama imezimika.

Usinunue hadithi kwa idadi. Mtu akilipwa kwa kila ngano, ataanza kuzikata vipande. Lipia muda wake wa kazi uliouchukua, au mpe zawadi inayomfaa, na umpe hata kama siku hiyo hakusimulia kitu.

Chombo

Simu ya kawaida inatosha kuanzia, ikiwa imewekwa katika hali ya ndege ili isiite katikati ya wimbo. Lakini ukipata kinasa sauti chenye maikrofoni ya kubana kwenye nguo, tumia hicho. Rekodi kwa WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa, kilohezi 48 na biti 24, usitumie MP3, kwa sababu MP3 hutupa sehemu ya sauti ambayo huwezi kuirudisha. Saa moja ya mkondo mmoja (mono) hula takriban megabaiti 520, hivyo kadi ya gigabaiti 32 hubeba karibu saa 60. Nafasi si tatizo tena.

Tatizo ni upepo, bati na betri. Funika maikrofoni kwa sponji. Mvua ikigonga bati, acha kurekodi ngano, lakini rekodi mazungumzo ya mvua, kwani watu husema mengi wakati huo. Sikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni dakika ya kwanza nzima. Macho hayaoni mlio wa jenereta ya jirani. Chukua betri mara mbili ya unazodhani zitatosha. Mwanzo wa kila faili sema wewe mwenyewe tarehe, mahali, nani yupo na ruhusa ipi imetolewa. Karatasi hupotea, sauti ile haitengani na faili.

Video ina faida kwa michezo, ngoma na wimbo wa kazi. Kwa ngano za jioni mimi huiacha. Kamera huwafanya watoto wakae vizuri, na watoto waliokaa vizuri hawaitikii.

Wakati wa kusimulia

Wewe ni hadhira. Jifunze kiitikio cha lugha ile kabla hujaenda, kama vile kwa Kiswahili "Paukwa" haiwezi kuachwa bila "Pakawa". Msimulizi anayeanza na kukutana na kimya cha mtu mwenye daftari hupoteza nusu ya nguvu zake. Cheka panapochekesha. Usimkatize kuuliza maana ya neno. Chora alama daftarini na uulize baadaye. Na usiende peke yako. Omba watoto waje, majirani waje, hata kama watapiga kelele. Kelele yao ni sehemu ya ngano, na anayeiandika bila wao anaandika nusu.

Kwenye daftari andika kile ambacho sauti haitakionesha: nani aliingia, nani alitoka, mkono ulionesha wapi aliposema "mlima ule", nani alimsahihisha nani. Usimulizi ukiisha, uliza: ulisikia kwa nani, ukiwa na umri gani, mkifanya nini? Kisha uliza, umemsimulia nani karibuni? Swali hili la mwisho huleta kimya kirefu. Usiharakishe kukijaza.

Usiku uleule

Kabla ya kulala, hamisha faili sehemu mbili, na nyumbani ongeza ya tatu inayokaa jengo jingine. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha kijiji, kisha namba. Usifute kadi mpaka nakala zimefunguliwa na kusikilizwa. Tume ya masimulizi ya Ayalandi, iliyoundwa 1935, ilirekodi kwa silinda za nta, na kwa kuwa nta ilikuwa ghali, silinda nyingi zilikwanguliwa na kutumiwa tena baada ya maneno kunukuliwa. Maneno yakabaki, sauti za watu wale zikaenda. Sisi hatuna kisingizio hicho.

Unukuzi ni kazi kubwa kuliko kurekodi. Kwangu saa moja ya sauti huchukua saa sita mpaka nane, na zaidi kama kuna tafsiri. Programu ya ELAN, inayotolewa bure na taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, hukuwezesha kuambatanisha kila sentensi na sauti yake. Andika kama ilivyosemwa: marudio, kusitasita, maneno ya mjini, lugha mbili zilizochanganyika. Kitu ulichokisahihisha leo ndicho mtafiti wa kesho atakachokitafuta. Katika toleo la Grimm la 1812 aliyetaka kumuua Snow White, binti wa ngano yao mojawapo, alikuwa mama yake mzazi. Kufikia toleo la 1819 amekuwa mama wa kambo. Tunajua kwa sababu matoleo yote yapo.

Ukitaka kutengeneza kitabu laini cha kusomwa, tengeneza, ila kiwe kitu cha pili. Elias Lönnrot, daktari wa Ufini, aliunganisha nyimbo za waimbaji wengi na kuzipanga kuwa utenzi mmoja mrefu uitwao Kalevala, uliochapwa 1835 na kisha 1849. Nyimbo alizozinukuu vijijini zimehifadhiwa na Chama cha Fasihi cha Ufini, kwa hiyo mtu anaweza kuona wapi mwimbaji aliishia na wapi daktari alianza. Hifadhi na wewe mpaka huo. Orodha ya kimataifa ya aina za ngano, aliyoianza Antti Aarne mwaka 1910 na kusahihishwa mara ya mwisho na Hans-Jörg Uther mwaka 2004, itakusaidia kuona kwamba kisa cha binti mwema na binti mwovu, namba 480, kinasimuliwa nchi nyingi. Ifungue baada ya kunukuu. Ukiifungua kabla, utaanza kusikia namba badala ya mtu.

Kurudisha

Rudisha ndani ya mwaka mmoja. Wapelekee sauti katika chombo wanachokitumia, ambacho kwa sasa ni kadi ndogo ya simu, na maandishi kwa herufi kubwa kwa wanaosoma. Peleka nakala shuleni na nyingine kwa familia. Usimpe kiongozi wa kijiji peke yake ukadhani imefika kwa wote.

Na ukirudisha, nenda na muda. Nilipompelekea bibi wa nyimbo za jiwe sauti yake, wajukuu walikuja kwa sababu ya spika. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kwenye ubeti wa tano akanyanyua mkono nisimamishe. "Hapo niliruka. Kuna ubeti wa shangazi." Mjukuu mmoja akauliza shangazi gani. Bibi akasogea katikati ya mkeka, watoto wakasogea naye, na mimi nikatafuta betri mpya kwenye mfuko wa pembeni wa begi.